Gari Linapopoteza Nguvu Ghafula



Kutoka Lubumbashi mpaka Kipushi ni mwendo wa kilometa 30 hivi, na wengi wenu mmeupita mkiwa mmeketi juu ya magunia ya makaa au ya mahindi. Tuseme, basi, kwamba lori moja limeondoka kijijini alfajiri likielekea soko la Kipushi, na ndani yake wamo watu ishirini pamoja na mizigo yao. Limekwenda vema mpaka kwenye mwinuko mmoja. Hapo, pasipo kusikika mlio wa kitu kuvunjika, nguvu zake zaisha. Injini haikuzima, ingali yanguruma. Lakini dereva akikanyaga mpaka chini, gari halimjibu. Latambaa kidogo, kisha lasimama. Watu washuka. Boneti haijafunguliwa, na tayari jina la mtu limekwisha kutajwa: ni yule mama mjane akaaye mwisho wa kijiji, aliyeomba kupakiwa asubuhi akakataliwa kwa kuwa hakuwa na nauli, naye akaondoka akinung'unika.

Lori hilo nimelitunga ili tupate kufundishana. Jina lile litajwalo upesi sikulitunga. Mmelisikia mara nyingi, nanyi mwajua yampatayo mama wa namna hiyo lori lirudipo kijijini: watoto hukatazwa kupokea chakula chake, mlango wake hupigwa mawe usiku, na pengine hufukuzwa na mkeka wake kichwani. Ndiyo sababu nataka leo tuongee habari za injini, wala msishangae kuzikuta katika gazeti la dini. Amri ya nane ya Mungu yatukataza kumsingizia mwenzetu, na mtu asiyejua jinsi gari lipotezavyo nguvu yu karibu sana kuivunja amri hiyo kando ya barabara, huku akijidhania kuwa mwenye hekima.

Injini ni kama tanuru. Yahitaji hewa, yahitaji mafuta, yahitaji moto wa kuyawasha kwa wakati wake, na yahitaji njia ya kutolea moshi. Katika injini ya petroli, ambayo kwetu huitwa esansi, cheche ya umeme ndiyo iwashayo. Katika injini ya dizeli, yaani mazutu, hakuna cheche: hewa hubanwa kwa nguvu hata iwe na joto la kuyawasha mafuta pasipo kiberiti. Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyefaulu kuitengeneza injini ya namna hiyo mwaka 1897, na malori yetu karibu yote ni ya ukoo huo. Katika vitu hivyo vinne, kimoja kikipungua, nguvu hupungua. Hakuna cha tano kilichofichwa.

Watu wakifikiri nguvu ya gari hufikiri mafuta tu, kwa kuwa mafuta hununuliwa. Hewa hutolewa bure, basi husahauliwa. Lakini kilo 1 ya petroli haiungui vizuri pasipo kilo 14 au 15 za hewa. Maana yake, lita moja tu ya petroli huvuta hewa lita 9000 na zaidi! Hewa hiyo yote hupita katika chujio moja la karatasi. Sasa kumbukeni njia zetu za vijijini tangu mwezi wa Mei mpaka mvua za kwanza, vumbi jekundu lishikavyo majani, nguo na nywele. Hilo ndilo lililomo ndani ya chujio. Kwa kawaida chujio huziba polepole, kila siku kidogo, hata dereva asitambue, maana mguu wake wazoea kukanyaga zaidi. Inakuja siku ya mzigo mzito na ya mwinuko, na upungufu wa miezi mitatu waonekana kana kwamba umefika leo saa nne. Neno hili la "ghafula" yafaa kulisikiliza kwa uangalifu. Mara nyingi lataja tu ile saa tuliyoamka usingizini, wala si saa ya ubovu wenyewe.

Katika kitabu cha nabii Danieli mna habari za Suzana, mwanamke mwaminifu aliyesingiziwa na wazee wawili. Watu wote waliwasadiki kwa kuwa walikuwa wazee, wakamhukumu afe. Danieli, angali kijana, aliwatenga wale wawili akamwuliza kila mmoja neno dogo: alimwona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, wa pili akataja mwingine, na uongo ukaanguka palepale. Fundi mwema wa magari hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Hashiki spana kwanza. Humwuliza dereva.

— Mwanangu, nguvu zilikwisha mara moja au kidogo kidogo?

— Mara moja, baba, pale kwenye mwinuko.

— Jana ulipopita pale ulikuwa na mzigo?

— Hapana, baba, jana gari lilikuwa tupu.

— Mafuta umenunua wapi?

— Kando ya barabara, madumu mawili.

— Moshi ni wa rangi gani?

— Mweusi sana.

— Na gari likiwa limesimama, injini yanguruma sawasawa?

— Sawasawa kabisa, baba.

Maswali matano, na jina la mtu halimo. Tena kila jibu limefunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Moshi mweusi wa lori la dizeli wasema kwamba mafuta yafika, ila hewa haitoshi kuyaunguza. Kwa hiyo fundi hataanza na tangi wala pampu. Ataanza upande wa hewa. Atatoa chujio, alipigepige, alitazame kwenye mwanga wa jua. Likiwa zima, atafuata mabomba. Malori mengi ya siku hizi yana turbo, yaani gurudumu dogo lenye mapezi, lizungushwalo na moshi utokao, nalo huisukumia injini hewa nyingi. Kati ya turbo na injini mna bomba la mpira. Bomba hilo likipasuka au likichomoka katika kamba yake, hewa hutoka nje kwa mluzi, na lori lililokuwa simba huwa mbuzi kwa dakika moja. Hapo ndipo "ghafula" ni ghafula kweli. Na kulirudisha bomba lililochomoka pengine ni kazi ya bisibisi na robo saa.

Kama moshi usingekuwa mweusi, fundi angefuata njia nyingine. Injini iungurumayo vema ikisimama, lakini ikakosa pumzi kila ipewapo mzigo, na moshi wake ni haba, yaelekea kukosa mafuta: chujio la mafuta limeziba, au pampu imechoka, au maji yameingia. Hata kifuniko cha tangi chaweza kuwa na kosa. Kina tundu dogo la kuingiza hewa mahali pa mafuta yaliyotumika. Matope yakiliziba, tangi hunyonya mpaka mafuta hayataki kutoka. Dereva hulegeza kifuniko, husikia hewa ikivutwa ndani, na gari hupata nguvu tena. Moshi wa buluu huonyesha kwamba injini yaunguza oili yake yenyewe. Moshi mweupe mzito usiokwisha waweza kuwa maji yaliyoingia mahali pa moto. Na injini ya petroli itetemekayo kama mtu mwenye homa mara nyingi imepoteza cheche katika silinda moja: plagi, ambayo mafundi wetu huiita buji, au waya wake.

Tumekwisha kutaja madumu ya kando ya barabara. Wauzaji wake watu huwaita Kadhafi, na dereva aliyeacha kumshtaki mjane humgeukia Kadhafi mara moja. Hata huyu ana haki yake mbele ya Mungu. Mafuta yanaweza kuwa yametiwa maji au mafuta ya taa, ni kweli. Na auzaye hivyo kwa kujua ni mwizi, tena amri ya saba yamhusu. Lakini yapimwe kwanza. Tia kidogo katika chupa nyeupe ya kioo, mbali na sigara na moto wowote, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, nayo yatashuka chini, utayaona kwa macho kama mstari. Usipoyaona, basi huna bado neno la maji la kumshtaki mtu huyu, hata ukiwa na hasira. Mafuta ya taa hayajitengi hivyo, na kuyatambua ni kazi ya fundi.

Pengine injini haina kosa lolote. Breki moja imekwama, nayo yalishika gari kama mtu avutwaye shati kwa nyuma. Ukishuka, usiguse chuma. Sogeza tu kiganja karibu na kila gurudumu, na lile lenye breki iliyokwama litakuunguza kwa mbali. Au klachi yateleza: injini yapiga kelele zaidi na zaidi, mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua yapanda. Mara ngapi injini nzuri imefunguliwa bure kwa ajili ya breki! Mimi huwaonea huruma wenye magari hayo, maana wamelipa kazi ya siku nzima na gurudumu lingali limeshikwa.

Yako pia mambo mawili ambayo hayangoji maswali. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, au mshale wa joto ukifika kwenye nyekundu, zima injini hapo hapo, hata kama umebakiza kilometa mbili. Wala usifungue kifuniko cha rejeta ingali moto. Maji yake huruka na kumchubua mtu uso.

Magari mapya yana kompyuta. Ikiona jambo lisilo la kawaida, huwasha taa ya rangi ya machungwa mbele ya dereva, na mara nyingine huipunguzia injini nguvu kwa makusudi, ili gari lifike kwa fundi bila kujiua. Dereva asiyejua hufikiri amerogwa, kumbe analindwa. Fundi wa mjini huchomeka chombo chake, nacho chamwonyesha namba. Vijana wengi huisadiki namba hiyo kama hukumu, wakanunua mara moja kifaa kilichotajwa. Lakini namba yaonyesha mahali palipotoka malalamiko. Mwenye kosa haijamtaja bado. Kipimo cha hewa chaweza kulalamika kwamba hewa ni kidogo, kwa sababu hewa ni kidogo kweli: chujio limeziba. Ukikitupa kipimo na kununua kipya, umemfukuza shahidi mkweli. Ikiwa hata mashine yapaswa kuulizwa mara ya pili, si zaidi sana neno la mtu aliyeketi juu ya magunia?

Sasa nalijua jibu mtakalonipa, maana ni jibu la watu wenye akili, nami sitaki kulidharau. Mtasema: ndiyo, chujio limeziba, bomba limechomoka, tumeona kwa macho. Lakini kwa nini leo? Kwa nini siku ile ile aliyokataliwa mama, wala si jana? Fundi ameonyesha namna, hajamwonyesha mtumaji.

Swali hili wanafunzi wa Bwana wenyewe waliliuliza. Walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka Bwana awaambie ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana wetu Yezu Kristu hakuwapa jina. Aliwaambia kwamba si yeye wala si wazazi wake, kisha akainama, akafanya tope, akamponya yule mtu. Wanafunzi walitafuta mkosaji, naye alimtafuta mgonjwa. Someni Injili ya Yoane, sura ya 9, au mwalimu wenu awasomee.

Tena hebu tuhesabu kwa haki. Lori hili limewakataa watu wangapi tangu Mei? Kila safari labda mmoja, labda watatu, na wengi wao walinung'unika. Siku zile lori lilifika salama, na hakuna aliyezihesabu. Siku moja tu limekwama, na siku hiyo imehesabiwa peke yake. Ukiuliza kwa nini leo, jibu li hapo mlimoketi: leo kulikuwa na magunia na watu ishirini, jana gari lilikuwa tupu. Vumbi lilikuwa ndani ya chujio kabla mama yule hajaamka asubuhi. Naye, kama angekuwa na uwezo wa kuziba chujio kwa neno la kinywa, nadhani angejipatia kwanza nauli.

Mji wetu wa Kipushi wajua kupoteza nguvu kuliko lori lolote. Mgodi wake, uliochimbwa tangu mwaka 1924, ulisimama mwaka 1993, na nyumba nyingi zikaona njaa. Mwaka 2011 maji yaliujaza chini, na sababu yake ilikuwa pampu ambazo hazikutunzwa kwa muda mrefu. Hakuna mjane aliyeyaita maji yale. Yaliondolewa kwa pampu, kwa miaka ya kazi, si kwa kumfukuza mtu kijijini. Na mwaka 2024 zinki ilianza kutolewa tena.

Wengine kati yenu watauliza juu ya baraka. Eklezia yabariki magari, na madereva wengi hutundika medali ya Mtakatifu Kristofori mbele yao. Ni desturi njema. Padiri abarikipo gari huwaombea ulinzi watu waendao ndani yake, na humwombea dereva busara. Hajasafisha chujio. Dereva aliyebarikiwa na asiyetazama oili yake amjaribu Mungu. Na yule aliye na medali shingoni, kisha aendaye usiku kwa mpiga ramli kuuliza nani ameliharibu gari lake, amevunja amri ya kwanza. Tena atatoka huko na jina la mtu, kwa sababu jina ndilo alilolilipia.

Na ikiwa fundi hakuona kitu? Hutokea. Waya uliopasuka ndani ya ganda lake huachana ukipata joto na kugusana tena ukipoa, hata gari likifika kwa fundi lina afya tele. Fundi mwaminifu husema: sijaona bado, nirudishie likianza tena, uandike saa, mzigo na mahali. Neno hilo la "sijaona bado" ni gumu kulisema mbele ya watu wenye hasira. Lakini halimdhuru mtu yeyote, na kila mkatekumeni aweza kujizoeza kulisema, hata katika ugonjwa wa mtoto na katika kifo, ambapo majina hutajwa upesi zaidi na mawe huokotwa upesi zaidi.

Ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo mtaulizwa kama mwamkataa Shetani na kazi zake zote. Msifikiri kazi zake ni zile za usiku tu, za watu wasemwao kuruka juu ya nyumba. Kumsingizia mama maskini mchana, juu ya magunia, mbele ya watu ishirini, hiyo ni kazi yake kweli.

Na aliyekwisha kulitaja jina? Kujuta moyoni hakutoshi, kama vile haitoshi mwizi kujuta akiwa bado na mbuzi wa mwenzake. Jina jema la mtu ni mali yake, nalo lapasa kurudishwa. Ulisema mbele ya watu ishirini: waendee hao ishirini, ukawaambie kwamba chujio ndilo lililoziba, na kwamba ulisema bila kujua. Kama wengine walishukia sokoni Kipushi, wafuate sokoni. Kama mmoja amevuka mpaka kwenda Zambia kwa biashara, mtumie neno kwa simu, maana ubaya ulikwenda kwa simu hiyo hiyo. Kisha nenda mwisho wa kijiji, mchana, watu wakikuona, ukapige hodi kwa mama yule. Na akikupa maji, uyanywe mbele ya watoto.